Pulsi za nanosekunde: rangi haiingii kwenye seli, jenereta ni dogo?

Mkuu, umesema unapiga seli kwa pulsi za umeme za nanosekunde 10, jenereta inasoma kilovolti 10, kuveti (kikasha cha sampuli chenye bamba mbili za alumini) ni ya milimita 1 na propidiamu, rangi inayowaka ikiingia kwenye seli iliyotoboka, haiingii kwenye seli, halafu wadau hapo juu wanakwambia ununue jenereta kubwa. Usinunue kitu kwanza.

Propidiamu ni kipimo cha watu wa pulsi ndefu, zile za maikrosekunde na kuendelea. Utando wa seli unahitaji kama nanosekunde 100 hivi kujaa chaji, sasa pulsi yako inaisha kabla haujajaa, kwa hiyo umeme unapenya mpaka ndani kwenye oganeli (viungo vidogo vya ndani ya seli), na ndicho walichoonyesha watafiti kina Schoenbach na Beebe pale Norfolk, Virginia mwaka 2001. Matundu ya kwenye utando wa nje yanakuwa madogo mno, karibu nanomita 1, ioni zinapita ila propidiamu inagoma. Jaribu YO-PRO-1, rangi inayopita kwenye matundu madogo zaidi, au bora zaidi weka rangi inayowaka ikikutana na kalsiamu kabla ya kupiga uangalie mwanga unavyopanda. Aneksini V, kipimo cha seli zinazojiua, nayo itawaka, lakini usikimbilie kusema seli zinajiua, pulsi yenyewe inageuza mafuta ya utando ya upande wa ndani yaje nje hata kwa seli ambazo kesho yake utazikuta nzima.

Sasa kwenye umeme, maana mimi hapa ndipo naona tatizo kubwa liko. Hizo kilovolti 10 umezipima wapi? Kuveti ya milimita 1 ikiwa na midia (maji ya kulelea seli) ya kawaida yenye chumvi ina kama omu 10 au chini ya hapo, na kebo ya koaksia inayotoka kwenye jenereta ni omu 50, kwa hiyo kuveti inapata theluthi tu ya volteji ya wimbi linalokuja na lililobaki linarudi nyuma limegeuka polariti (chanya imekuwa hasi), likigonga kwenye jenereta linarudi tena kwenye seli zako kama pulsi ya pili ya kinyume. Na pulsi ya kinyume ikifuata haraka hivyo inaweza kufuta kazi ya ile ya kwanza, sio utani, hilo limeshaandikwa sana.

Kwenye maabara niliyokuwa nafanya tulifunga kebo tano za omu 50 sambamba, zinakuwa omu 10 kama kuveti yenyewe, wimbi likatulia kabisa. Ukiweka resista ya omu 40 mfululizo na kuveti pia mwangwi (hilo wimbi linalorudi) unaisha ila unabaki na moja ya tano ya volteji, na iwe ya kaboni, zile za waya wa kuzungushwa hazifai hapa.

Probu yenyewe (kifaa cha kupimia volteji) iangalie, ya megahezi 75 inapanda kwa karibu nanosekunde 5, yaani nusu ya pulsi yako imeliwa. Waya wa ardhi uwe mfupi kadiri unavyoweza.

Joto lisikutishe, pulsi moja ya kilovolti 100 kwa sentimita (ndizo kilovolti 10 kwenye milimita 1) haipandishi hata nusu digrii, ila ukipiga mia kwa fujo utazichemsha. Na viputo gonga kuveti vitoke, ukisikia "tap" ukaona doa jeusi kwenye alumini ujue cheche imepita, hiyo sampuli tupa.

Weka picha ya wimbi lililopimwa kwenye kuveti yenyewe ikiwa na midia ndani, tuone kama lina mkia, yaani mwangwi unaolifuata nyuma.