Mvinyo mwekundu mzito kwa bei ya mtu wa kawaida: nenda Cahors

Mkuu, umeuliza mvinyo mwekundu mzito wa Kifaransa usiozidi yuro 15, utoke kwenye shamba dogo la familia linalolima kwa bayodinamiki (aina ya kilimo hai chenye maandalizi yake ya samadi na kalenda inayofuata mwezi wa angani), na wadau karibu wote wamekupeleka Bordeaux, eneo la mvinyo lenye jina kubwa. Mimi naishi Toulouse, mji wa Cahors ni safari fupi tu ya gari kuelekea kaskazini, na huko ndiko ninakonunua. Bordeaux kwa hela hiyo utapata, ila sehemu ya hela unalipia jina.

Tuanze na hili: bayodinamiki haileti uzito. Uzito unatoka kwenye aina ya zabibu, jua, na muda ambao maganda yanakaa ndani ya tangi pamoja na maji yake. Kisheria mvinyo wa Cahors lazima uwe na zabibu aina ya Malbec isiyopungua asilimia 70, inayobaki ni Merlot au Tannat. Ndiyo Malbec hiyohiyo iliyoipa Argentina sifa, lakini kwao ni huku kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ukishika glasi mbele ya taa, vidole vyako huvioni upande wa pili. Ukiilaza kidogo, ukingoni unaona zambarau tupu. Mdomoni unajaa, halafu ukakasi unakamata fizi. Aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma atakunja uso funda la kwanza. Mwache anywe akiwa na nyama, atanyamaza.

Bei iko chini kwa sababu eneo lenyewe lilipigwa vibaya. Baridi kali ya Februari 1956 iliua karibu mizabibu yote ya bonde la mto Lot, watu wakapanda upya, na hadhi ya AOC, yaani jina la mvinyo linalolindwa kisheria kwa eneo lake, wakaipata mwaka 1971. Wakati huo majina makubwa ya Bordeaux yalishakaa kwenye meza za matajiri zaidi ya karne. Ndiyo maana hadi leo mkulima wa Cahors anakuuzia chupa nzuri getini kwake kwa kati ya yuro 9 na 14.

Sasa bayodinamiki. Msingi wake ni mihadhara aliyoitoa mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, mwaka 1924, na Steiner hakuwa mkulima. Kazi yenyewe nimeiona kwa jirani wa rafiki yangu, shamba la mume, mke na mtoto wao mmoja. Samadi ya ng'ombe inashindiliwa kwenye pembe, pembe zinafukiwa msimu wa baridi wote, zinafukuliwa joto likianza kurudi. Kilichotoka humo hakinuki samadi hata kidogo, ni kitu cheusi, laini, chenye harufu ya udongo wa msituni. Gramu 100 hivi zinatosha hekta nzima. Wanakoroga kwenye maji saa nzima, upande mmoja mpaka katikati pafanye shimo, ghafla wanageuza upande wa pili, kisha jioni wanarashia ardhini. Wana pia kalenda ya mwezi wa angani, siku za mizizi, za majani, za maua, za matunda.

Mimi mwezi siuamini, niseme wazi. Ninachoamini ni kwamba mtu anayepita mistari ya mizabibu yake mara kwa mara kwa miguu anaona ugonjwa wa ukungu kabla haujasambaa, na anachuma zabibu zikiwa zimeiva kweli. Pia usidhani hawapulizi kitu: shaba na salfa wanatumia, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Ukisikia muuzaji anakuambia "hakuna dawa kabisa", muulize kuhusu shaba.

Kwenye lebo tafuta alama ya bayodinamiki, Demeter au Biodyvin. Hizo ndizo zinazokaguliwa. Neno "asilia" peke yake lisikubabaishe. Kwa udogo wa shamba, angalia alama ya Vigneron Indépendant, mtu aliyebeba pipa begani: maana yake analima, anatengeneza na anaweka kwenye chupa mwenyewe. Neno Château lisikutishe wala kukuvutia, huku linaweza kuwa nyumba ya kawaida ya mkulima yenye trekta uani. Hao wa Vigneron Indépendant wana maonyesho yao Paris, Lyon, Lille na Strasbourg. Unaonja meza kwa meza, unaongea na mwenye shamba mwenyewe, halafu ndiyo unatoa hela.

Na chukua chupa yake ya bei ya chini, siyo ile ya juu. Ya chini mara nyingi imekaa kwenye tangi la chuma au saruji, unapata zabibu yenyewe. Ya juu imelazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, pipa moja la lita 225 ni mamia ya yuro, na gharama hiyo inarudi kwako, pamoja na ladha ya mbao ambayo wengine hatuitaki.

Ukifika nyumbani usiifungue mezani na kumimina papo hapo. Imimine kwenye jagi saa moja kabla, isizidi nyuzi 18, kwa hiyo kama nyumba ina joto ipitishe kwenye friji dakika chache. Bata, mbuzi wa kuchoma, maharage yenye soseji, vyote vinaiweza. Kama wageni wako unawapikia samaki wa kupaka, sema mapema, hapo nitakutajia mvinyo mwingine kabisa.