Msalaba wa chuma juu ya mnara si kinga ya radi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tunajenga kanisa hapa Kasulu, Kigoma. Fundi anasema tukifunga msalaba wa chuma kileleni, radi haitatugusa. Mzee mmoja wa kamati naye anadai "mnara" ni neno la msikitini, tusiliandike kwenye mkataba. Tufanyeje? – Katibu, kamati ya ujenzi

JIBU: Marahaba. Neno hilo kweli asili yake ni Kiarabu, mahali pa mwanga, lakini tunauita hivyo hata mnara wa simu na wa kuongozea meli, kanisa halikatazwi. Shida ni nyingine. Waingereza wana neno moja linalobeba mnara pamoja na kilele chake kilichochongoka, sisi hatuna. Andikeni vyote viwili, kila kimoja na urefu wake, msije mkaachiwa boksi la tofali mkaambiwa mnara ndio huo.

Sasa huyo fundi. Kauli yake naisikia kila mvua zikikaribia, na inanikera mno. Kinga ya radi haifukuzi radi! Inaipokea, kisha inaipa njia ya kushuka ardhini. Msalaba usio na njia hiyo unaipokea tu, na radi itajitafutia pa kupita: itapasua tofali, itarukia nyaya za vipaza sauti, iwafikie waumini. Mnara wa kanisa la San Marco kule Venice, Italia, ulikuwa na sanamu ya malaika juu, na bado ulipigwa mara nyingi hadi ulipowekewa fimbo ya radi, yaani chuma chenye njia ya kuishusha ardhini, mwaka 1776.

Waya wa shaba usiopungua milimita 50 za mraba ushuke kutoka msalabani pande mbili, uunganishwe na mabati na fremu ya kengele, uishie kwenye ethi, yaani chuma kilichozikwa ardhini, yenye ukinzani (uzuiaji wa umeme) chini ya omu 10. Pimeni ukinzani huo Agosti, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha Januari, udongo ukiwa umelowa, kinadanganya.

Na hawa wanaozika chupa za dawa ya "radi ya kutumwa" ndio wabaya kuliko wote. Darasa la bati likipigwa, watu wanamtafuta mchawi, na mwaka unaofuata watoto wanakaa chini ya bati lilelile, bila ethi. Msiwape hao wauza dawa hata shilingi.

Shaba huibwa. Funikeni waya kwa bomba mita tatu kutoka ardhini, na wewe katibu ukague mwenyewe kabla ya mvua za kwanza.