Saa sita usiku, jikoni

SWALI: Shikamoo shangazi. Tangu Mei nimepunguza ugali, sasa nakula tonge la ukubwa wa ngumi. Mchana naweza. Ila saa sita usiku, na baridi hii ya Uyole, najikuta jikoni nakwangua sufuria la wali. Nifanyeje?
Mama wawili, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukusema kama mboga nayo umeipunguza. Nahisi ndiyo. Irudishe, hasa maharage (nyie wa Mbeya mnakosaje maharage?), kwa kuwa protini na nyuzinyuzi zake hushibisha muda mrefu kuliko wali.

Mimi hapa Iringa nilikuwa nakula saa kumi na mbili jioni, nalala saa tano, halafu nashangaa njaa! Nikasogeza chakula hadi saa moja na nusu, na nusu parachichi naliweka akiba. Tumbo likinguruma nakunywa kwanza chai ya tangawizi isiyo na sukari, nasubiri robo saa. Mara nyingi ilikuwa baridi tu. Njaa ikibaki, nakula parachichi langu nimekaa mezani, si nimesimama juu ya sufuria.

Ila kama unatumia dawa za kisukari na unaamka ukitetemeka na kutokwa jasho, usivumilie: kunywa kitu chenye sukari upesi, kisha kamwone daktari.