Maswali ya Hoki ya Barafu: Kisahani, Mikeka na Usingizi wa Nyumba

Ujumbe wa mwezi huu ni mwingi, na nusu yake ni swali lile lile limebadilishiwa kanzu. Nimechagua haya. Aliyeuliza jambo nililokwisha kulijibu atajiona humu.

Hoki ya barafu si ndiyo mpira wa magongo tuliokuwa tukicheza shuleni? (Msomaji, Makorora, hapa Tanga)

Siyo. Mpira wa magongo ni watu 11 kila upande, kwenye nyasi au zulia, na Tanzania iliupeleka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, India ikatufunga 18–0. Hoki ya barafu ni watu 6 pamoja na kipa, viatu vyenye makali ya chuma chini, na badala ya mpira kuna kisahani cha raba kilichogandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Hili nalijibu kila mwezi. Tafadhali lisirudi tena.

Babu, shikamoo. Natazama kwenye simu lakini kisahani sikioni. Wenzangu wameshashangilia, mimi ndiyo kwanza nauliza kuna nini. (Kijana, Chumbageni)

Marahaba, mwanangu. Wewe umeuliza swali la mtu anayetaka kujua, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kisahani kina upana wa sentimita 7.6 na unene wa 2.5, uzito hauvuki gramu 170, na kikipigwa kwa nguvu zote kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Kwenye kioo cha simu iliyopasuka pembeni hukioni, na si kosa la macho yako. Acha kukifukuza. Mvuvi wetu hatafuti samaki kwa kuchungulia maji, anatazama ndege wanatua wapi. Nawe tazama watu. Wakigeuza mabega wote kwa pamoja, kisahani kimegeuka. Kipa akishuka magotini, kuna mtu mbele yake ameinua gongo.

Ukishazoea hapo, tazama benchi. Kila mchezaji hukaa kwenye barafu sekunde 45 hivi, kisha anaruka ukuta na mwenzake anaingia, na mchezo haujasimama. Hapa ndipo mechi nyingi zinapopotea. Timu iliyochelewa kubadilishana inabaki na watu waliokwisha pumzi, na wapinzani wanaijua harufu ya uchovu. Kuotea kunapimwa kwa mstari wa buluu, ule unaoanzisha eneo la goli la wapinzani: kisahani kitangulie, mshambuliaji afuate. Na ukiona timu imebutua kisahani kutoka nusu yake mpaka kikavuka mstari wa goli wa upande wa pili bila mtu kukigusa, mchezo unasimama na unaanzishwa tena mbele ya goli la waliobutua. Wao hawaruhusiwi kubadilisha mchezaji hata mmoja. Watano walewale, ndimi nje, mbele ya kipa wao. Msomaji wangu, hapo weka kikombe chini.

Lakini haya hutayaona kwenye vipande vya nusu dakika mnavyorushiana. Bao ni mwisho wa jambo. Anayetazama mabao matupu ni sawa na anayefika harusini wakati wa kukusanya sahani. Chagua mchezaji mmoja, mfuate kipindi kizima cha dakika 20, ukimwona na usipomwona na kisahani. Fanya hivyo mechi tatu, kisha niandikie tena.

Mechi ya leo saa ngapi? (Wasomaji saba tofauti, wawili wao kila wiki)

Sikilizeni kwa mara ya mwisho. Miji ya mashariki ya Marekani na Kanada, kama New York na Toronto, mechi nyingi huanza saa 1 usiku kwao. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tunawatangulia saa 7, kwa hiyo kwetu ni saa 8 usiku. Wakirudisha saa zao nyuma Novemba, tunawatangulia saa 8, na kwetu inakuwa saa 9 usiku. Wao ndio wanaochezea saa, sisi tuko palepale. Andika kwenye karatasi, bandika juu ya kitanda.

Mechi inakula saa mbili na nusu hivi. Ya saa 9 itakukuta na adhana ya alfajiri. Zima simu uende, kipindi cha tatu utakikuta kwenye marudio. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya msimu, daku na hoki vinaketi pamoja vizuri kabisa, na hakuna wakati ninaoupenda zaidi.

Mzee, nipe timu mbili za uhakika za leo nimalizie mkeka wa kubeti. (Kijiweni, Barabara ya 12)

Sina, na ningekuwa nazo nisingekupa.

Najua mtakasirika. Lakini kila nikiandika kuhusu mchezo huu ninaoupenda, theluthi ya ujumbe ni mikeka, na nimechoka kuona watu wanaojua bei ya ushindi wa Edmonton, timu ya Kanada, lakini hawajui kipa wake ni nani. Kila timu ya ligi ile kubwa ya Marekani na Kanada, NHL, imekuwa ikicheza mechi 82 kabla ya mtoano, Oktoba hadi Aprili, mara nyingine usiku mbili mfululizo katika miji miwili. Kocha akiamua kumpumzisha kipa wa kwanza, wewe wa Ngamiani umeshalala na hela yako imeshaondoka. Kisahani kinagonga kiatu cha beki kinabadili njia, na hakuna mtaalamu duniani anayekadiria kiatu cha beki.

Fainali ya 2024: Florida inaongoza mechi 3–0, inahitaji moja tu. Mechi ya nne Edmonton ikashinda 8–1. Nitajie kijiwe chochote kilichoweka 8–1.

Kijana mmoja jirani yangu aliweka ada ya mdogo wake. Mtoto alikaa nyumbani mpaka mama yao alipouza cherehani. Nimeiona ile cherehani ikipakiwa kwenye toroli. Msiniulize tena.

Na ninyi mnaotafuta viungo vya bure vya kutazama mechi: ukurasa wowote unaokuomba namba ya siri ya pesa za simu ili “kuthibitisha umri” ni mwizi. Funga, ondoka.

Kwa nini mwamuzi anawaacha wapigane? Mimi ndiyo sehemu ninayoipenda. (Msomaji, Pangani)

Hawaachwi bure. Wakivua glavu na kupigana, kila mmoja anakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika 5. Kwenye Olimpiki adhabu ni kali zaidi, mpiganaji anatolewa mchezoni.

Ila sehemu ya pili ya maneno yako imenikera. Derek Boogaard alikuwa mtu wa kupigana kwa niaba ya wenzake, hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Alifariki Mei 2011, umri miaka 28. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara. Tangu nisome habari ile sijamtumia mtu kipande cha ngumi, na ukinitumia nakifuta. Ukitaka ngumi, ndondi zipo, na zina kengele na daktari kando ya ulingo.

Hivi kuna Mwafrika yeyote kule, au tunashangilia mchezo usiotujua? (Mwalimu, Muheza)

Wapo, na wewe mwalimu wafundishe watoto majina yao.

Willie O'Ree aliingia na Boston tarehe 18 Januari 1958, mtu mweusi wa kwanza katika NHL. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni, lilipigwa na kisahani miaka miwili kabla. Alificha. Angesema, asingeruhusiwa kucheza. Jarome Iginla, ambaye baba yake anatoka Nigeria, alitwaa dhahabu ya Olimpiki na Kanada mwaka 2002, na mwaka 2010 ndiye aliyempa mwenzake Sidney Crosby pasi ya bao la dhahabu, huku ameshaangushwa chini.

Na yupo Grant Fuhr. Huyu ndiye aliyenifanya niwe nilivyo. Shemeji yangu alikuwa baharia, na safari moja alishuka hapa bandarini na mkanda wa video aliopewa na mwenzake melini. Tukauweka sebuleni Chuda, hatujui tunatazama nini. Ndani ya goli la Edmonton amesimama kijana mweusi, anadaka kwa mkono wa kulia kama anayechuma embe. Msimu ule wa 1987–88 alidaka mechi 75 kati ya 80, wakatwaa kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL. Mwaka huohuo wa 1988 Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Nikasema Wagosi wamepata ndugu. Sijabadili timu, kule wala hapa.

Mimi nauza samaki Deep Sea. Mabonge ya barafu tunayo kila siku. Kwa nini tusitandaze uwanja wetu Tanga? (Mfanyabiashara)

Bwana, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote.

Barafu ya uwanja ni nyembamba kuliko unavyodhani, sentimita tatu hivi. Kazi iko chini yake. Kunakuwa na sakafu ya zege yenye kilomita za mabomba, na ndani ya mabomba yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri, kwa sababu chumvi inayazuia yasigande. Sakafu ikishapoa, maji yanamwagwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Mashine hazizimwi usiku wala mchana. Na adui mkubwa kwetu ni unyevu kuliko jua: hewa ya pwani ikiingia inageuka ukungu juu ya barafu, kwa hiyo jengo lote lazima lifungwe na hewa ikaushwe. Piga hesabu ya umeme kabla ya kuuza boti.

Lakini usivunjike moyo. Florida ni joto na unyevu mwaka mzima, na ilitwaa kombe 2024 na 2025. Ile mashine ya kulainisha barafu inayopita wakati wa mapumziko, aliyeibuni mwaka 1949 ni Frank Zamboni wa California, na yeye na ndugu yake walianza kwa kuuza mabonge ya barafu kama wewe. Majokofu yalipoenea, biashara ikafa, wakageukia kujenga uwanja. Mashine inakwangua juu kisha inamwaga maji ya moto. Ndiyo, ya moto, yanayeyusha mikwaruzo na kushikana vizuri na barafu ya chini.

Jirani zetu wameshaanza. Timu ya Ice Lions ya Nairobi ilikulia kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa uanachama wa shirikisho la kimataifa. Sisi tuanze na viatu vya magurudumu, magongo ya mbao na sakafu ya zege iliyo laini. Chagua eneo lililofungwa. Ninakuonya mapema: si barabara za Ngamiani, ambako pikipiki haina habari na kipa wako.

Mume wangu ni bodaboda. Anaamka saa 9 usiku kwa ajili ya hoki, anapiga kelele mtoto anaamka, kisha saa 12 anaenda barabarani. Nimwambieje? (Mama wa watoto wawili, Mabawa)

Binti yangu, msomee haya mwenyewe, yeye ananijua.

Kijana, ushabiki hauna ruhusa ya kumwamsha mtoto. Nunua spika za masikioni. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba umelala muda wa saa nne tu, halafu unampakia mama wa watu na ndoo zake kwenda Soko la Mgandini. Usingizi wa sekunde tatu kwenye barabara ya Pangani unatosha kufanya msiba wa nyumba mbili. Siku uliyokesha, pikipiki ilale. Kama huwezi kumudu siku bila kazi, basi huwezi kumudu mechi ya usiku huo.

Fanya kama mimi. Mechi moja kwa wiki natazama moja kwa moja, usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Nyingine natazama marudio baada ya alasiri, simu nimeizima arifa tangu jana. Mimi na jirani yangu tuna ahadi: hakuna kutajiana matokeo kabla ya magharibi. Ladha haipungui. Na mkeo akipenda, mkalishe, mweleze mstari wa buluu. Wangu alianza hivyo, sasa ananikosoa mimi.

Edmonton wamepoteza fainali mbili mfululizo kwa Florida. Si tuhamie Florida? (Msomaji, Korogwe)

Hama ukitaka, lakini usirudi kuniita ndugu. Usiku wa kuamkia 25 Juni 2024, mechi ya saba, tulifungwa 2–1 baada ya kutoka nyuma 0–3 na kusawazisha 3–3. Nililia, sifichi. Connor McDavid alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano akiwa upande ulioshindwa, na hakutoka chumbani kuipokea zawadi. Nikimkumbuka yule, kuhama naona haya hata kukutamka.

Umeme ulikatika kipindi cha pili, sikuona mwisho. Kwa nini hoki hainipendi? (Msomaji, Bagamoyo)

Pole. Tarehe 24 Mei 1988 Boston, mechi ya nne ya fainali, 3–3, kipindi cha pili kinaelekea mwisho, umeme ukakatika uwanja mzima. Joto lilikuwa limeshajaza ukungu juu ya barafu. Mchezo ukaachwa hapo hapo, timu zikapanda ndege kwenda Edmonton, na siku mbili baadaye Fuhr na wenzake wakashinda 6–3. Chaji simu kabla ya kulala, na ununue betri ya akiba.