Hiyo 14 ya dashibodi usiiamini sana

Mkuu, hiyo km 14 kwa lita unayoonyeshwa kwenye dashibodi ni makadirio tu, kompyuta haipimi mafuta yaliyotoka kwenye tenki, inapiga hesabu kwa jinsi nozeli (zile za kupulizia mafuta kwenye injini) zinavyofunguka na mwendo wa gari. Ukitaka kujua gari linakula kiasi gani kweli, we jaza fulu tenki hapo Mtwara mpaka bomba lijikate lenyewe (usimwache kijana wa sheli aongezee ongezee), rudisha tripu (kile kihesabu kilomita cha safari) sifuri, nenda zako Masasi urudi, ujaze tena pampu ileile, halafu kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Mi yangu iliniandikia 13.8, kuja kupiga hesabu km 408 kwa lita 34, yaani 12 kamili! Rudia hata mara tatu hivi. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, kilomita nazo zinasomeka pungufu.