Anwani ya Simu Isiyo na Namba

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makaratasi ya marehemu babu yangu nimekuta barua ya ofisi ya mwaka 1968 yenye mstari uliochapwa "Anwani ya Simu", lakini mbele yake hapana namba, bali neno moja tu. Watu walipigaje simu kwa neno? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, simu inayotajwa hapo si ya kuzungumzia, bali ni simu ya maandishi, yaani telegramu, ambayo ndiyo iliyotangulia kubeba jina hilo katika pwani yetu, kwa kuwa neno lenyewe lina asili ya Kiajemi na maana yake ni waya. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879.

Aliyetaka kupeleka simu alikwenda posta, akajaza fomu kwa herufi kubwa, kisha karani akahesabu maneno na kutaja bei. Kila neno lililipiwa, na jina na anwani ya mpokeaji navyo vilihesabiwa. Ndiyo maana ofisi na wafanyabiashara waliandikisha posta neno moja la kuwatambulisha, likasimama badala ya jina refu, mtaa na sanduku la barua. Hilo ndilo neno uliloliona.

Ujumbe nao ulipunguzwa mpaka salamu zikaachwa, jambo ambalo kwa Mswahili si dogo. Hata hivyo lugha yetu ilikuwa na nafuu yake, kwani kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Kanuni za kimataifa ziliruhusu neno la herufi zisizozidi 15 lihesabiwe kuwa moja, na "tutakusubirini", ambayo ni sentensi kamili, ina herufi 14.

Fundi wa mitambo aliugonga ujumbe kwa nukta na vistari vya Morse. Upande wa pili ukaandikwa, ukatiwa katika bahasha, na tarishi akaupeleka, mara nyingi kwa baiskeli. Kwa sababu wengi waliitumia simu wakati wa dharura tu, kulikuwa na nyumba ambamo kilio kilianza kabla ya bahasha kufunguliwa, kumbe ndani mna habari ya mtoto aliyefaulu mtihani. Msiba wenyewe mara nyingi haukutajwa: waliandika "BABA MGONJWA SANA NJOO UPESI" hata kama mzee alikwisha kufariki, ili msafiri asiibebe habari hiyo peke yake njiani.