Kukata vitenge vya mfarishi wa viraka kwa kisu cha gurudumu

Mfarishi wa viraka huharibikia kwenye meza ya kukatia, kabla cherehani haijaguswa. Kipande kikizidi milimita 1.5 si rahisi kuona kwa macho. Unganisha vipande 10 vya namna hiyo, na mstari mzima umezidi sentimita 1.5 kuliko mstari wa jirani. Hapo mtu huanza kuvuta kitambaa ili kona zikutane, na mawimbi yanayotokea hata pasi haiyaondoi.

Kitenge cha pamba kutoka Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa Kampala, kiloweke na kukifua kwanza, kwa kuwa vingine hunywea na vingine huchuja rangi. Kipige pasi kingali na unyevunyevu, ukinyunyizia maji mepesi ya wanga. Unga kidogo wa muhogo uliopikwa na kuchujwa unatosha. Pasi ishushwe na kuinuliwa, isiburutwe, maana kuburuta hupinda uzi. Mashati ya pamba ya mitumba kutoka soko la Owino nayo yanafaa, mradi hayavutiki kama fulana.

Sasa kukunja, ambako wanaoanza hukosea zaidi. Kutanisha kingo mbili, zile ngumu zenye maandishi ya kiwanda, kisha inua kitambaa kining'inie. Kama mkunjo wa chini una mawimbi, telezesha ukingo mmoja kushoto au kulia mpaka mkunjo unyooke. Ncha zilizokatwa dukani hazitalingana tena, na usihangaike nazo: muuzaji alikata kwa haraka. Usifuate maua pia. Vitenge vingi vimechapwa mshazari kidogo, na ukifuata chapa badala ya uzi, kipande kitavutika wakati wa kushona.

Laza kitambaa kwenye mkeka wa kukatia, ule wa plastiki wenye mistari ya vipimo, mkunjo ukiwa upande wako. Weka mstari wa kukingama wa rula pana inayopenya macho sawasawa juu ya mkunjo, halafu punguza ncha iwe nyoofu. Huo mkato wa kwanza ndio unaopimia yote yanayofuata. Rula ikiegemea hata kidogo, ukanda ukiufungua utakuta umepinda katikati kama herufi V. Kila baada ya kanda tatu au nne, rudia kunyoosha ncha, kwa sababu kosa dogo hujilimbikiza.

Pima kwa rula, usipime kwa mistari ya mkeka. Mstari wa rula ukae juu ya ukingo wa kitambaa, wala usiwe pembeni yake. Amua mapema kama unene wa mstari unahesabiwa ndani au nje, na usibadilishe rula katikati ya kazi. Rula mbili zinaweza kutofautiana.

Mkono unaoshika rula utandaze vidole, kidole kidogo kikiwa nje ya rula, juu ya kitambaa, ili kuizuia isiteleze. Sukuma kisu, chenye wembe wa duara unaozunguka kwenye mpini, kwenda mbele, usikivute kuja kwako, wembe ukigusa rula wima. Kwenye mkato mrefu simama katikati bila kuinua kisu, sogeza mkono wa rula mbele, endelea. Anayetumia mkono wa kushoto ahamishie wembe upande wa pili wa mpini kama kisu chake kinaruhusu, kisha apange kila kitu kinyume. Funga wembe kila unapoweka kisu chini, hata kwa sekunde moja.

Nyuzi zikibaki bila kukatika, tazama nafasi kati yake kabla ya kulaumu wembe. Wembe wa milimita 45 huzunguka mara moja kila baada ya sentimita 14 hivi. Nyuzi zikibaki kwa nafasi hiyohiyo, wembe una pengo, huenda umepita juu ya pini. Zikibaki ovyo, fungua kisu utoe vumbi la pamba, tia tone moja la mafuta ya cherehani, na uangalie skrubu isiwe imekazwa mno hadi wembe hauzunguki. Meza tupu ya mbao, kioo au vigae huua wembe upesi. Mkeka nao usipigiwe pasi juu yake wala kuachwa juani; ukishajikunja haurudi.

Kwenye hesabu, ongeza robo inchi ya mshono kila upande: kiraka cha inchi 2 baada ya kushonwa hukatwa inchi 2½. Kitenge cha upana wa inchi 45, ukishaondoa kingo, ukanda mmoja wa inchi 5 hutoa viraka vinane vya inchi 5.

Kabla ya kukata kitambaa chote, kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, vishone pamoja, vipige pasi. Upana wote uwe inchi 3½, na cha katikati kionekane inchi 1 kamili. Kikipungua, kwanza pima tena kipande ambacho hakijashonwa. Kama hicho ni sahihi, mshono wako ni mpana mno. Sogeza mwongozo wa cherehani, sio rula.